TUSIUZE KAZI NUSU

Kutoka Jinja, Uganda



Katika kambi za wakata miwa na katika nyumba za wafanyakazi wa viwanda vya hapa Jinja, jioni husikika sauti ya msumeno mdogo. Ndugu zetu wengi wamejifunza kukata nakshi za mbao. Wanakata vibao vya majina, fremu za picha, ndege, ramani ya Afrika, na mafumbo ya vipande ya kuchezea watoto. Wengine wanatumia msumeno wa mkono, ule wa fremu yenye umbo la U na bledi nyembamba kama uzi. Wachache wana mashine inayopandisha na kushusha bledi kama sindano ya cherehani.

Ni kazi nzuri, nasi hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni namna inavyouzwa. Mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umekwisha, mlanguzi hupita na gunia lake. Hununua vipande hivyo vikiwa bado vina alama za penseli na nyuzi zilizosimama kama manyoya. Anavipeleka mjini, anampa kijana msasa na kopo la vanishi, na kitu kile kile kinatundikwa dukani kwa bei ambayo mkataji hawezi kuinunua kazi ya mikono yake mwenyewe.

Sisi tunasema: tusiuze kazi nusu. Anayemalizia kazi ndiye anayelipwa.

Tuanze na jambo moja ili tusieleweke vibaya. Wako ndugu wanaosema kwamba chama kisijishughulishe na ufundi wa jioni, kwa kuwa mwenye kiwanda atasema, "Mnaona, wana pato lingine, mshahara wa nini?" Hofu hiyo ina maana. Katika nchi yetu kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kubadili mambo hayo, lakini haukupata saini ya Rais. Kwa hiyo basi, madai ya mshahara yanabaki pale pale. Kibao cha nakshi hakitalipa deni la mwajiri. Lakini mtu anayeuza jasho lake mara mbili, mchana kwa mwajiri na jioni kwa mlanguzi, na mara zote mbili akapunjwa, hawezi kukaa imara katika mgomo wala katika mazungumzo. Anayejua thamani ya saa yake ya jioni atajua pia thamani ya saa yake ya mchana.

Na jambo hili si geni kwetu. Mkulima wa pamba aliuza pamba ghafi, kitambaa kikamrudia kwa bei ya kitambaa. Mchuma chai anapimiwa majani mabichi kwa kilo, na pakiti ya chai ameiona dukani. Tumelalamika miaka mingi kwamba nchi zetu zinauza mali ghafi na kununua vitu vilivyotengenezwa. Je, sasa tufanye hivyo hivyo ndani ya vyumba vyetu wenyewe?

Ndugu zetu wana majibu matatu. Wanasema kumalizia kunachukua muda mwingi. Wanasema vanishi ni ghali. Wanasema mlanguzi ndiye mwenye soko. Tuyachukue moja moja.

MUDA HUOKOLEWA KATIKA KUKATA

Anayelia kwamba msasa unamla saa nzima, mara nyingi tatizo lake si msasa. Amekata vibaya, kisha anataka msasa ufanye kazi ya msumeno.

Kwanza mbao. Mbao mbichi haimaliziki. Utaipiga msasa leo, kesho itapinda, keshokutwa vanishi itapasuka. Desturi ya mafundi wa zamani ni kuanika mbao mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, ikiwa imeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. Kwa mabaki madogo, ipo njia rahisi. Pima kipande kwenye mizani ya duka leo, kipime tena baada ya wiki. Kikiwa kimepungua uzito, bado kinatoa maji. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka.

Mabaki yako mengi kwa maseremala. Musizi ni mwepesi na laini, unafaa kwa anayejifunza. Mfenesi una rangi ya manjano inayogeuka kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita, na wanunuzi huupenda. Mkangazi hukatika vizuri na hung'aa. Mvule ni mgumu na wa kudumu, lakini mara nyingine huficha ndani yake mawe madogo meupe yanayovunja meno ya bledi. Ukisikia sauti imebadilika, simama. Usilazimishe.

Pili bledi. Bledi ya kawaida ya kazi hii ina urefu wa inchi 5. Ifungwe meno yakitazama chini: kwa msumeno wa mkono yatazame mshikio, kwa mashine yatazame meza. Ikifungwa kinyume, mbao itarukaruka na uso wa juu utachanika. Kaza mpaka ukiigusa kwa kidole ilie sauti nyembamba kama uzi wa zeze. Bledi iliyolegea hupinda ndani ya mbao, na ukingo unatoka mshazari. Chagua meno kwa unene wa mbao: angalau meno matatu yawe ndani ya unene huo wakati wote. Kwa plaiwudi nyembamba tumia bledi ya meno madogo. Kwa mbao ya robo tatu ya inchi tumia ya meno makubwa zaidi. Na bledi iliyochoka itupwe. Anayeibana bledi butu ili aokoe fedha kidogo atazilipa kwa msasa, na tena kwa vidole vyake.

Tatu mchoro. Chora kwenye karatasi, bandika karatasi juu ya mbao kwa uji mzito wa unga wa ngano, acha ikauke. Kata kando ya mstari, upande wa mbao inayotupwa, usikate juu ya mstari wenyewe. Matundu ya ndani yakatwe kwanza: toboa kwa keekee, pitisha bledi ndani ya tundu, funga, kata. Mstari wa nje uwe wa mwisho, maana ukianza na nje hutabaki na mahali pa kushika. Kwenye kona usisukume mbele; acha bledi icheze pale pale huku ukizungusha mbao taratibu. Na usisukume mbao kwa nguvu hata mahali palipo wazi. Bledi ndiyo inayokata, mkono kazi yake ni kuongoza.

Nne, kama mnakata vitu vingi vya namna moja, pangeni mbao nyembamba tatu au nne, mzipigilie misumari midogo kwenye sehemu itakayotupwa, mkate zote kwa mara moja. Kazi ya vibao vinne inakuwa karibu na ya kimoja. Muda uliookolewa hapo ndio muda wa kumalizia.

MSASA NA MAFUTA

Hapa ndipo bei ilipo. Mnunuzi hushika kwanza, ndipo hutazama. Kidole chake kikikwama, mkono wake haufiki mfukoni.

Anza na msasa namba 80 ikiwa tu kuna alama za msumeno. Kama ulikata vizuri, anza na 120, nenda 180, malizia 220. Usiruke namba: mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 220, inafichwa tu mpaka vanishi iifichue. Sugua kufuata nyuzi za mbao, usizikate kwa kusugua kwa kupinga. Kwa matundu madogo, zungushia msasa kwenye njiti ya baiskeli au kata ukanda mwembamba upitishe kama uzi. Kwenye uso ulio bapa, funga msasa kwenye kipande cha mbao ili kona zisiliwe.

Baada ya 220, futa vumbi, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Nyuzi zilizolala zitasimama. Acha ikauke kabisa, pitisha 220 tena kwa mkono mwepesi. Hatua hii ni ya dakika chache, na ndiyo inayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya haraka.

Sasa mafuta. Mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi hupenya mbao na kukauka ndani yake. Paka kwa kitambaa, subiri robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Ukiyaacha yatakuwa gundi. Subiri siku nzima, paka tena. Mikono miwili au mitatu inatosha. Mafuta ya karanga au ya mawese hayafai, kwa sababu hayakauki. Hubaki yakinata na mwisho hutoa harufu.

Anayetaka kung'aa zaidi atumie vanishi. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, umechanganywa na tapentaini kidogo ili upenye. Ukikauka, pitisha msasa 220 kidogo, futa, paka mkono wa pili. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito unaotiririka. Usipake wakati wa mvua wala mahali mnapokata, kwa sababu vumbi litashika. Juu ya mvule vanishi huchelewa kukauka kwa ajili ya mafuta ya mti wenyewe. Ufute kwanza kwa kitambaa chenye thina, upake mara moja.

Kwa miiko, sahani na vitu vya watoto wachanga, acheni vanishi na mafuta ya duka la rangi. Mafuta hayo mara nyingi yametiwa dawa za madini ili yakauke upesi. Tumieni nta safi ya nyuki, iyeyushwe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ipakwe, kisha isuguliwe kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae.

VUMBI HALINA MWAJIRI

Kiwandani tunadai kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila malipo, na chama kinamfuatilia asipotoa. Lakini nyumbani tunakata mbao ndani ya chumba kile kile wanamolala watoto, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu. Nani tutamshitaki?

Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya puani. Vumbi la mvule huwasha ngozi na macho na kubana kifua. Vumbi baya zaidi ni lile lisiloonekana vizuri, linalotoka kwenye msasa wa namba za juu. Kwa hiyo kazi ya msasa ifanyike nje, upepo ukipeperusha vumbi mbali na nyumba. Vaeni barakoa inayobana puani, si leso iliyolegea. Fagieni baada ya kunyunyiza maji. Badilisheni nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Na jambo la moto, ambalo wengi hawalijui. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka bila kiberiti, kwa sababu mafuta yale yakikauka hutoa joto. Katika kambi ambako chumba kimeshikana na chumba, kitambaa kimoja kinaweza kuunguza safu nzima. Kila kitambaa kitandazwe wazi nje mpaka kikauke na kuwa kigumu, au kitiwe ndani ya kopo la maji lenye kifuniko. Thina na tapentaini zikae mbali na jiko na taa.

Tuseme pia jambo ambalo wanaume hawapendi kusikia. Katika nyumba nyingi msasa ni kazi ya mke na watoto. Baba anakata, fedha ni za baba, vumbi ni la mama. Huo nao ni unyonyaji, hata kama mwenye kuufanya ni mwanachama aliyelipa ada. Saa ya msasa ni saa ya kazi, iandikwe na ilipwe. Na mtoto asishikishwe msasa wala kopo la thina.

VANISHI NI GHALI KWA MMOJA

Jibu la pili la ndugu zetu ni kwamba hawana fedha za vanishi. Ni kweli: mtu mmoja akinunua kikopo kidogo, nusu yake hukauka kabla hajatengeneza vitu vya kutosha. Lakini watu kumi wakichanga, wananunua kopo kubwa na karatasi nyingi za msasa kwa bei ya jumla, nalo linaisha kabla ya kuharibika. Watu kumi wanaweza kupata banda moja lenye hewa. Watu kumi wanaweza kugawana kazi: mwenye jicho zuri achore, mwenye mkono mtulivu akate, mvumilivu apige msasa, msafi apake vanishi. Hata umeme ukikatika, kikundi kinaweza kutafuta cherehani kuukuu ya kanyagio na fundi wa kuigeuza iendeshe msumeno. Zamani misumeno ya namna hii iliendeshwa kwa miguu.

Kuhusu soko, jibu la tatu, watazameni wachongaji Wakamba wa Kenya. Mwaka 1963 waliunda ushirika wao huko Changamwe, Mombasa, wakauza kazi yao kwa jina la ushirika badala ya kila mmoja kubembeleza dukani peke yake. Nao pia walifundishwa na shida: mihugu na mipingo ilipoanza kuadimika kwa sababu ya kukatwa ovyo, katika miaka ya 1990 wachongaji walihimizwa kutumia mwembe, mwarobaini na jakaranda. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa mbao laini ikimaliziwa vizuri hupendeza. Sisi tuna mifenesi, miembe na musizi. Tusisubiri mpaka mvule wa mwisho uanguke.

Kikundi kikipata mtu mmoja wa kupeleka mzigo Jumamosi mjini, nauli inagawanyika kwa wote. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kila kikundi kitaweka bei za kwake. Tuseme mlanguzi anatoa shilingi 3,000 kwa kibao kibichi. Kibao kile kile kikimaliziwa kinauzwa shilingi 9,000. Toa shilingi 700 za msasa, mafuta na vanishi, toa 300 za nauli. Zinabaki 8,000. Tofauti ni shilingi 5,000 kwa kibao kimoja. Kwa vibao 12 katika mwezi ni shilingi 60,000. Hizo ndizo zilizokuwa zikiondoka kambini ndani ya gunia la mlanguzi.

Ushauri wetu kwa matawi ni huu. Kila tawi lenye wakataji watano au zaidi liwakutanishe. Wawe na daftari moja la bei, na pasiwe na mtu wa kuuza chini ya daftari. Wawe na daftari la saa za kazi, la akina mama likiwemo. Wanunue msasa na mafuta kwa pamoja. Waweke kopo la maji la vitambaa kabla ya kununua kopo la vanishi. Na kitu kisitoke bandani mpaka mwenzako asiyekitengeneza akipapase kwa macho yaliyofumbwa na kusema kwamba kimelainika.

Mlanguzi atakuja tena mwisho wa mwezi. Mkaribisheni, mpeni kiti. Akitaka kununua, anunue kilichokamilika, kwa bei iliyo daftarini. Asipotaka, gunia lake lirudi tupu.

Udumu umoja wa wafanyakazi.